Wavinya Aosha Stempu za Baba

Wavinya huuza nguo za mitumba sokoni Ruiru. Nyumba yake iko Gatongora, na siku nyingi nyumba hiyo hunukia sabuni. Nguo akizitoa kwenye robota, kwanza huziloweka, kisha huzifua, halafu huzipiga pasi. Wateja wake wanamsifu kwa hilo. Wanasema nguo ya Wavinya huwezi kujua iliwahi kuvaliwa. Zile nzuri kabisa anaziita kamera, kama wauzaji wote wa mitumba. Zile za mwisho, za kumwagwa chini kwenye turubai, anaziita fagia.

Mwaka huu baba yake, Mzee Kaleli, alimpa kazi nyingine. Mzee anaishi mashariki ya Thika, upande wa Kilimambogo. Zamani alikuwa karani katika shamba la kahawa. Barua za shamba zilipitia mikononi mwake, na stempu zake hakuzitupa. Alizipanga kwenye albamu. Nyingine alizinunua posta zikiwa mpya, akaziweka tu, bila kuzibandika popote. Lakini sasa macho yake yamefifia, na hawezi tena kuziona albamu zake vizuri.

"Chukua hizi, uziuze huko kwa simu," alimwambia Wavinya. "Lakini ziende kwa mtu anayezipenda. Mimi sitaki kusikia mtoto amechezea stempu zangu akazitupa kwa matope."

"Zitaenda kwa watu wazuri, Baba. Usiwe na wasiwasi."

Wavinya alifungua ukurasa kwenye mtandao ambao watu huuziana vitu vya kukusanya, kama sarafu na stempu. Kisha akazitazama stempu zenyewe. Zile ambazo hazikuwahi kutumika zilikuwa na vumbi. Nyuma zilikuwa na kitu kikavu, cha manjano kidogo, na ukikigusa kwa kidole chenye jasho kinanata. Wavinya hapendi kitu kinachonata. Basi akafanya anachokijua. Akachota maji kwenye beseni, akatia sabuni, akazitumbukiza. Zilipolainika alizisugua polepole, akazianika juu ya taulo, akafunika kwa leso na kuzipiga pasi. Jamani, ziling'aa! Hata yeye alijipongeza.

Kabla ya kuuza, mtandao ulimtaka achague hali ya kila kitu. Kwa zile alizoosha, akachagua "Mpya, hali bora kabisa." Ndiyo kamera hiyo. Zile nyingine, zilizotoka kwenye bahasha, zilikuwa na mihuri myeusi ya posta. Hizo alizionea aibu. Alizirundika pamoja, akaandika "Zimeharibika." Hiyo ndiyo fagia yake.

Wateja walikuja haraka, na shida ikaja pamoja nao. Wa kwanza alirudisha stempu na kudai pesa zake. Wa pili akafanya vilevile. Kisha wenye mtandao wakamtumia ujumbe: "Vitu vyako havilingani na maelezo yako. Tukipata lalamiko jingine, tutaufunga ukurasa wako."

Wavinya aliusoma ujumbe huo akiwa amesimama. Akausoma tena akiwa ameketi. Ukurasa ukifungwa, hakujua mahali pengine pa kuwapata wapenda stempu. Angerudisha albamu kwa baba na kumwambia nini? Lakini pamoja na hofu, kulikuwa na swali lililomwasha zaidi. Stempu zilikuwa safi. Zilipendeza. Sasa hawa watu wanalia nini?

Jirani yake Idah, ambaye mtaani humwita Mama Njau, ana kibanda cha kutengeneza fremu za picha. Ndani ya kibanda ametundika fremu moja yenye stempu, na kila mtu mtaani anajua kwamba mama huyo hukutana Thika na wenzake wanaokusanya stempu. Wavinya alimpelekea moja ya zile zilizorudishwa.

"Sasa, Mama Njau. Hebu niangalilie hii kitu. Inakaa mbaya?"

"Poa, Mama Dorine. Wacha nione," Idah akamwambia Wavinya.

Idah hakuigusa kwa vidole. Aliishika kwa kibano kidogo, akaigeuza nyuma, akaisogeza kwenye mwanga.

"Haiya! Gundi imeenda wapi?"

"Gundi gani?"

"Ya hapa nyuma. Stempu mpya huwa na gundi, unailamba ndio ishike kwa bahasha."

"Ile ya kunata? Niliitoa. Si ilikuwa uchafu?"

Idah akaweka kibano chini. "Mama Dorine, uliiosha?"

"Na sabuni. Halafu nikapiga pasi."

"Ngai! Na pasi!"

Idah alicheka mpaka akashika meza. Halafu akaona uso wa Wavinya, na kicheko kikakatika.

"Pole, aki. Wewe umefanya vile unafanyia nguo. Lakini stempu si nguo. Nguo mtu anataka kuvaa. Stempu mtu anataka ikae vile ilitoka posta. Ukisema ni mpya, mnunuzi anatarajia haijawahi kutumika na gundi yake iko yote. Gundi ikitoka, bado unaweza kusema haijatumika, lakini lazima useme haina gundi. Na bei inashuka sana."

"Kwa hivyo waliona niliwadanganya?"

"Waliona maneno, wakanunua maneno. Kwa mtandao mtu hawezi kushika kitu. Anaamini vile umeandika."

Wavinya aliitazama tena ile stempu. Kisha akauliza, "Na hizi chafu? Hizo sikuosha." Akatoa bahasha yenye zile zilizopigwa mihuri. "Hizi niliandika zimeharibika."

Idah alichagua moja, akampa Wavinya lenzi ya kukuzia. "Angalia mwenyewe. Soma huo muhuri."

Wavinya akainama. Mwanzoni aliona weusi tu. Alipoisogeza lenzi, herufi zikajitokeza, zikazunguka kama duara. Thika. Na chini ya jina, tarehe.

"Woi! Ni Thika yetu!"

"Eeh. Hiyo haijaharibika. Hiyo imetumika, na ni kitu tofauti. Kuna watu wanatafuta mihuri pekee. Wanataka jina la mji lionekane, na tarehe, na duara nzima. Wewe umewaambia ni takataka, ndio maana wanapita tu."

"Basi iliyoharibika ni gani?"

"Ile imeraruka, ama imekunjika, ama imepoteza meno." Idah alimwonyesha vitobo vya pembeni, vile vinavyoifanya stempu ionekane ina meno. "Ukiona kasoro, iandike. Piga picha mbele na nyuma, mchana, bila kuirembesha na simu. Na kama hujui kitu, sema hujui."

"Hata kuziloweka ni makosa?"

"Ikiwa bado imeshikana na kipande cha bahasha, unaweza kuiloweka kwa maji matupu, itoke. Iliyotumika haina haja ya gundi. Lakini isiyotumika, usiilete karibu na beseni. Na pasi, tafadhali, iachie marinda."

Wavinya alibaki kibandani mpaka chai aliyopewa ikapoa. Alisoma muhuri baada ya muhuri. Alikuta miji anayoijua na mingine asiyowahi kuisikia. Alijiuliza ni nani aliyeandika barua hizo, na kama zilijibiwa. Hakujua baba yake alikuwa ameyaweka mambo mengi hivyo kabatini.

Jumapili baada ya kanisa alienda kwa Mzee Kaleli. Alitaka kumaliza kuyasema kabla hajakaribishwa chakula.

"Baba, nimekosa. Zile stempu mpya niliziosha. Gundi yote imetoka."

Mzee alimgeukia. "Hata zile zenye picha za ndege?"

"Hata hizo."

Mzee alinyoosha mkono. Wavinya akampa moja. Akaipitishia dole gumba nyuma, kwenye ule upande uliokuwa na gundi, taratibu, kana kwamba anatafuta kitu.

"Miaka hiyo yote," alisema, "sikulamba hata moja."

Wavinya alilia. Mzee alimwacha alie kwanza, kisha akasema, "Umeosha ukifikiri unanipendezeshea. Mimi nimeelewa. Lakini mnunuzi wa huko Mombasa ataelewaje? Mwandikie umeziosha."

Jioni hiyo hiyo Wavinya alirudi Gatongora na kufuta maneno yake yote. Kwa moja ya zile za ndege aliandika: "Haijatumika. Haina gundi, niliiosha kwa kutojua. Jino moja limekatika chini." Lile rundo la fagia alilivunja. Kila stempu ikapata picha yake na maelezo yake: "Imetumika. Muhuri wa Thika, unasomeka." Aliogopa. Alijiuliza nani atanunua kitu ambacho mwenyewe amekisema vibaya.

Stempu za mihuri ndizo zilizoanza kwenda. Kisha mwalimu mmoja wa Kisumu, kwa jina Aoko, akaandika: "Naomba picha ya nyuma ya huyu ndege, na ya lile jino." Wavinya akatuma zote, bila kuficha kitu. Aoko akainunua.

Hakuna aliyelalamika tena. Baada ya muda wenye mtandao wakaliondoa lile onyo, na ukurasa ukabaki wazi. Lakini kilichomfanya Wavinya ampigie baba simu siku hiyo ni ujumbe wa Aoko, ambao alimsomea polepole:

"Imefika, na iko vile vile ulivyoandika. Nimewatafuta ndege hawa tangu nikiwa msichana, nilibakisha huyu tu. Wenye gundi bei yao ilinishinda. Leo wote wako pamoja. Asante."

Wavinya akadhani simu imekatika.

"Baba? Uko?"

"Niko," Mzee Kaleli akasema. "Soma tena hapo kwa ndege."