Kitambaa cha Marehemu

Wenzangu, sogeeni niwasimulie. Anayetaka kununa anune baadaye, akishanisikiliza.

Mimi ni msusi. Siku nisipokuwa na vichwa vya kusuka, hujitolea kwenye kituo cha wanyama waliotupwa, pale nyuma ya ghala la mbao. Asubuhi ile kulikuwa shwari. Mbwa walishakula, wamejilaza juani, paka wanajilamba. Mimi naosha mabakuli huku naimba, na daktari wetu wa wanyama ananiomba ninyamaze nisije nikamwongezea wagonjwa.

Paka mmoja tu hakuwahi kutoa sauti. Tulimwita Bubu. Aliletwa na muuza magodoro wa mtaa wetu, aliyetuambia kwamba mama yake mzazi amefariki, wamemzika kwao mbali, na paka amebaki hana wa kumlea. Tulimpa pole. Wengine mlichanga rambirambi, msijifanye hamkumbuki. Tangu hapo Bubu alikaa pembeni akiutazama ukuta, na kila aliyekuja kutafuta paka alimpita.

Sasa, kituoni tuna utaratibu wetu. Ukimtaka mnyama, kwanza tuletee nguo ya mtu atakayemlea, iliyovaliwa na haijafuliwa. Tunaiweka bandani ili mnyama aizoee harufu yake kabla hajahamia kwake. Nguo ya kabatini haitufai, harufu inakuwa imeshakufa.

Asubuhi hiyo muuza magodoro akarudi. Wanawe walikuwa wanamlilia mbwa mdogo. Gari lake linanguruma nje, akanirushia kitambaa cha kichwa kilichojikunjakunja.

"Cha mke wangu," akasema. "Nimekiokota kwenye tenga la nguo chafu. Fanyeni upesi, dada."

"Upesi wa nini, kaka? Mbwa si godoro, upakie tu uondoke."

Akacheka, akaenda zake.

Nikawa napita na kile kitambaa mbele ya banda la Bubu. Nikasikia sauti. Jamani, nywele zilinisimama! Bubu alikuwa analia. Alilia kwa kuvuta, sauti nyembamba isiyokatika, akapenyeza mguu kwenye wavu na kukikwangua kitambaa mpaka nikamwachia. Akajilaza juu yake, akawa anakikanda kwa miguu ya mbele, macho kayafumba.

Daktari akaja mbio. "Kuna nini?"

"Bubu ameongea."

Akakiinua kitambaa kidogo, akakinusa. Kilinuka dawa ya kuchua viungo, na kilikuwa bado na unyevu wa jasho. Kwenye mshono palinasa unywele mweupe.

"Mke wake ana mvi?"

"Mke wake namsuka mimi. Hana hata moja."

"Basi labda ni cha marehemu, kilisahaulika."

"Marehemu hatoki jasho, daktari."

Mbwa wote walikuwa wamesimama, masikio juu, wakimsikiliza Bubu.

Utaratibu wetu wa pili ni kuikagua nyumba anakokwenda mnyama. Hatukungoja. Daktari akambeba mbwa mdogo, mimi nikamtia Bubu kikapuni pamoja na kitambaa chake.

Mke wa muuza magodoro alitufungulia mlango nusu.

"Karibuni. Lakini sisi tumeomba mbwa."

"Paka anatembea tu, mama. Amechoka kukaa ndani."

Sebuleni televisheni ilikuwa inapiga kelele kwa sauti ya juu kabisa, na hakuna aliyekuwa anaitazama. Magodoro mapya, bado yamo kwenye nailoni, yamejaa ukumbini mpaka darini. Nilipokifungua kikapu, Bubu hakunusanusa kama paka mgeni. Alikwenda moja kwa moja, akapita jikoni, akafika kwenye ukuta wa nyuma ambako magodoro matatu yalikuwa yameegemezwa. Akaanza kukwangua chini yake.

Nikaizima televisheni.

Nyumba ikawa kimya. Kwaru, kwaru, ndivyo alivyokwangua Bubu. Akaacha. Na nyuma ya magodoro, polepole, kikamjibu kitu. Kwaru, kwaru.

"Panya hao," mke wa muuza magodoro akasema haraka.

Kisha sauti ikatoka mle, kavu, ya mtu aliyesahau kuitumia.

"Mpangaji? Umerudi na kodi yangu?"

Bubu akalia. Yule mke akakaa chini sakafuni, akajifunika uso. Daktari akayasukuma magodoro, na nyuma yake palikuwa na mlango wa stoo, umefungwa kwa komeo la nje.

Marehemu wetu alikuwa mle, amelala kwenye boksi lililopasuliwa, juu ya saruji. Nyumba nzima magodoro, wenzangu! Alikuwa amekonda, macho yanaumizwa na mwanga. Hakututazama sisi. Alifungua mikono, na paka akaingia kifuani pake. Mpangaji ndilo jina alilompa zamani, kwa utani, maana anakaa bila kulipa.

Muuza magodoro alipoitwa, alijitetea. "Alikuwa anasahau kila kitu. Anapotea njiani, anaongea ovyo mbele ya wateja. Mlitaka nifanye nini? Chakula tulikuwa tunampa, nguo tunamfulia."

"Na rambirambi mkala," nikamwambia. Nilikuwa nalia kwa hasira, sioni haya kusema.

Polisi walimchukua, na sasa yuko nje kwa dhamana. Mama anaishi kwa mdogo wake, na Mpangaji analala miguuni pake, hanyamazi siku hizi. Mbwa mdogo tulimpatia nyumba nyingine.

FUNZO

Mzazi akizeeka akili ikachoka, si aibu ya kufungiwa komeo. Ukizidiwa, sema. Ndugu wapo, majirani wapo, hospitali zipo. Nasi majirani tusitoe pole mlangoni tukageuka. Tulipita mbele ya nyumba ile kila siku, tukasema tu kwamba televisheni yao ina kelele. Aliyejua kuwa mama yule yu hai ni paka.

Kesi bado haijaisha. Muuza magodoro hupita kwa mama yake mdogo kumsalimia mzazi wake. Mama humkaribisha vizuri, humpa kiti kama mgeni yeyote, humtazama usoni kwa huruma, kisha humwuliza:

"Na mama yako, kijana, hajambo?"