Jiwe Namba Saba la Alida

— Jina yangu iko wapi, Lionel?

Alida aliibwaga ripoti mezani. Kurasa arobaini na mbili, na juu ya jalada jina moja tu: Lionel.

Lionel, mkuu wa bureau ya utafiti pale Baraka, hata macho hakuinua kwenye simu yake.

— Mi njo chef ya projet. We ulikuwa musaidizi tu.

— Musaidizi? Ruwenzori ulipanda siku gani? Ulibakia chini kwa hoteli!

— Kesho Docteur Immaculée anafika. Anatafuta mutu moja wa kwenda kusomea kwenye labo yake. Unafikiri atasikiliza nani? Mutoto ya camp ya Lusenda?

Alida akatoka. Hakutaka amwone akilia.

Ni kweli alikulia kambini, mtoto wa wakulima waliokimbia Burundi. Lakini alisoma jiolojia Bukavu mpaka mwisho, na kazi ile ilikuwa yake. Alitaka kujua barafu iliyofunika Ruwenzori zamani iliondoka lini. Barafu ikishuka mlimani husukuma mawe makubwa. Ikiyeyuka huyaacha yamepangana kama matuta. Tangu siku hiyo miale ya angani hulipiga jiwe, na ndani yake hujengeka chembe ndogo sana, mwaka hadi mwaka. Ukizihesabu maabarani, jiwe linakuambia limekaa wazi muda gani.

Wiki tatu aliyakata mawe hayo kwa nyundo na tindo. Aliyemshikia tindo kwenye ile baridi alikuwa Saleh, mwenye boti za mizigo pale Baraka, aliyeziacha boti zake ili apande na mchumba wake. Walishuka wakiwa wamekwisha kuchagua mwezi wa harusi.

Halafu Saleh akanyamaza. Simu hapokei, ujumbe hajibu. Miezi minane sasa.

Lionel ndiye aliyempa Alida sababu: "Mama yake hataki mukwe mukimbizi." Alida akaumia, akaamini.

Kesho yake salle ya mikutano ilijaa. Lionel, suti inang'aa, alionyesha namba zake ukutani.

— Haya mawe ya tuta la chini yana karibu miaka elfu ishirini tangu barafu iondoke.

Makofi yakalia. Docteur Immaculée, mama mfupi mwenye miwani, hakupiga makofi.

— Jiwe namba saba linasema elfu nne tu, na liko kwenye tuta lilelile. Juu ya nini limetofautiana?

Lionel akageukia namba zake ukutani.

— Ni... kosa ya labo, Docteur.

— Labo ni yangu. Nilipima mara tatu.

Nyuma kabisa, Alida akasimama.

— Docteur, si kosa. Namba saba nilikata mimi, na nilijua litatoka changa.

— Huyu ni musaidizi wangu, Lionel akadakia. Kaa chini, Alida!

— Mwache, alisema Docteur. Ulikuwa na nani huko juu?

— Na Saleh wa hapa Baraka. Lakini hapokei simu yangu.

— Basi tutatumia yangu. We andika jibu lako hapa kwenye karatasi, unipe. Usiseme neno.

Alida akaandika. Docteur akaikunja karatasi, akapiga namba aliyotajiwa na Alida, akaweka sauti kubwa.

— Allô? Nani?

Ile sauti! Alida akashika kiti.

— Naitwa Docteur Immaculée. Ulikata mawe kule Ruwenzori?

— Ndiyo, mama. Na... na Alida.

— Unakumbuka namba saba?

— Siwezi kuisahau. Nililiona lina mustari: juu jeusi, chini jeupe. Nikamwambia Alida, hili lilikuwa limezikwa, mvua njo imeondoa udongo. Akafurahi sana! Akasema: tulichukue, tuone kama hesabu itasema kweli. Udongo ulilifunika, miale haikulifikia.

Docteur akaikunjua karatasi, akaisoma kwa sauti. Jibu lilikuwa lilelile.

Salle ikalipuka kwa makofi. Saleh, huko kwenye simu, hakuelewa.

— Mama, Alida iko hapo? Muulize basi kosa yangu ni nini.

Subira ikamshinda Alida.

— Kosa yako? Ni we uliniacha, Saleh!

— Mi? Message ni yako! Naisoma: "Usinitafute tena. Nimepata mwanaume wa masomo kama mimi. Nitaolewa na Lionel." Tarehe tatu, mwezi wa kumi na moja, saa nane ya mchana. Nikafunga namba yako siku ileile.

Alida akageuka polepole.

— Tarehe tatu nilikuwa Lubondja, nazika shangazi. Simu niliiacha inachajiwa kwa bureau. Funguo ya bureau ilikuwa na nani, Lionel?

Lionel alikuwa anakusanya karatasi zake.

— Ulimuondoa shahidi, ili mawe yabaki yako, Docteur alisema. Toka. Na ile ripoti acha.

Watu wakampisha njia, hakuna aliyemuaga.

Robo saa haikupita, pikipiki ikasimama nje. Saleh aliingia suruali imekunjwa magotini, miguu na mchanga wa ziwa.

— Nisamehe, Alida. Ilifaa nije kukuuliza uso kwa uso.

— Na mi niliamini mama yako hanitaki, sikuja kumuuliza.

— Mama? Mama amenitafutia wasichana wawili, nimekataa wote. Jana aliniambia: kama ni Mrundi wako unamutaka, enda umulete, tupumzike!

Alida akacheka huku machozi yakimtoka, akamrukia shingoni mbele ya salle nzima. Vigelegele!

Waliandikishwa ndoa kwa état civil mwezi wa nane, kila mmoja na dini yake. Mama Zainabu, mama yake Saleh, alimshika Alida mkono yeye mwenyewe, akampeleka mpaka mbele. Wazazi wa Alida walishuka kutoka Lusenda na ngoma zao, na boti za Baraka siku ile hazikuvuka.

Jioni, Alida akiwa bado na gauni jeupe, Docteur akapiga simu.

— Nafasi ni yako. Mwezi wa kumi nakungojea labo. Mume wako atasema nini?

Saleh akamnyang'anya simu.

— Docteur, huko kwenu kuna mawe ya kukata?

— Tele.

— Basi andika watu wawili.