Oili Mpya Kwenye Injini Iliyokufa

Mthamini wa magari alikutwa asubuhi amelala kifudifudi mbele ya pikapu kuukuu ya bluu, kisogo kimepasuka. Damu ilikuwa imeganda kwenye kokoto. Spana ya magurudumu ilikuwa kando yake, na alama za vidole vyenye oili zilionekana wazi kwenye mpini. Boneti la pikapu lilikuwa juu.

Inspekta alichuchumaa. Sajini wake alipiga picha. Msimamizi wa yadi alijishika kichwa.

"Mara ya mwisho ulimwona lini?"

"Jana jioni, afande. Sisi tulitoka, yeye akabaki kufunga."

"Kimeibwa nini?"

"Hapa utaiba nini? Yote haya maiti."

Yadi ilikuwa ya kampuni ya kuuza magari mapya. Ukileta gari lako la zamani, unapunguziwa bei ya jipya. Sharti ni moja: la zamani lisirudi tena barabarani. Basi mafundi humwaga oili, humimina dawa inayoganda kama kioo, kisha huikanyagia injini mafuta mpaka ikwame. Wenyewe huita kuua.

"Hii mmeiua lini?"

"Jana mchana, baada ya kungoja foleni miezi kadhaa. Ilitutesa! Nyingine zinakata roho upesi. Hii moshi ulitufukuza sisi, yenyewe bado inanguruma. Nikamwambia marehemu, 'Bosi, mbona hii nzima?' Akasema, 'Ua tu, kwani ni baba yako?'"

Inspekta alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Oili ilikuwa ya manjano, safi. Chini ya bampa palikuwa na kopo tupu.

"Si mlimwaga oili yote?"

"Yote."

"Na hii?"

Msimamizi alitazama kijiti, mdomo wazi. "Nani anamwekea maiti oili?"

"Mtu ambaye hajaambiwa kuna msiba," Inspekta alisema. "Hii ilikuwa ya nani?"

"Mzee Mizigo."

Sajini alishusha kamera. "Inspekta, huyu si ndiye alinihamishia makochi? Akakataa hata hela ya ziada? Kuku tu hawezi kumchinja."

"Twende."

Mzee Mizigo alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni kwake, mikono juu ya magoti. Kucha zilikuwa na mstari mweusi ambao sabuni ilishindwa kuutoa. Uwanja mbele yake ulikuwa mtupu, umebaki na doa la oili la miaka mingi. Mkewe alisimama nyuma yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mmekuja."

"Gari jipya liko wapi?"

Mke ndiye aliyejibu. "Wamelichukua wenyewe juzi, mwanangu. Miezi miwili tulishindwa kulipa. Nilimwambia, baba watoto, hiyo pikapu ndiyo inayotulisha. Akaniambia mimi sijui hesabu."

"Nyamaza, mama."

"Nimenyamaza tangu siku hiyo. Mchukueni, na mimi mnichukue. Humu ndani nimebaki kula nini?"

Inspekta alivuta ndoo, akaigeuza, akaketi juu yake.

"Tuambie, mzee."

Mzee aliongea bila kuinua macho.

"Yule bwana mthamini aliisikiliza injini yangu, akatikisa kichwa. Akasema, 'Mzee, hii haifiki miezi mitatu. Chukua punguzo sasa, kesho utakuwa na chuma chakavu.' Nikamwamini. Ana koti, ana vyombo vya kupimia. Mimi nina masikio tu."

"Jana ulifuata nini?"

"Gari langu. Nilitaka kumwomba anirudishie, nimlipe kidogo kidogo. Nikalikuta limesimama vilevile. Nikafurahi, afande! Ufunguo wa akiba ninao. Lakini mimi siwashi kabla ya kupima oili. Nikapima, kavu. Nikajua wamemwaga tu. Nikaenda dukani, nikanunua kopo kwa hela ya unga. Nikaweka. Nikawasha."

Alisugua kucha zake.

"Ikagonga mara moja. Kimya. Yeye akatoka ofisini, akacheka. 'Mzee, unamkanda marehemu?' Ndipo nikajua waliiua. Nikamwambia, ulinidanganya, ilikuwa nzima. Akasema nikalie nyumbani. Akanipa mgongo. Spana nilikuwa nayo mkononi, niliichukua garini niigonge stata."

"Ulimpiga mara ngapi?"

"Sikumbuki. Nilikuwa nampigia uongo wake."

Sajini alitoa pingu. Mzee alinyoosha mikono mwenyewe, kisha akamtazama Inspekta kwa mara ya kwanza.

"Afande, nambie kitu kimoja. Walipoiua, ilisumbua?"

Inspekta alimkumbuka msimamizi na moshi wake. Aliitazama ile mikono. Kortini neno hilo lisingemwokoa mzee, na gari lisingerudi. Angalau aende jela bila kulisikia linanguruma.

"Hapana, mzee. Ilikufa palepale. Ilikuwa imechoka."

Mzee Mizigo aliishusha mikono.

"Kumbe hakunidanganya," alisema. "Mama watoto, umesikia? Yule kijana alisema kweli. Nimemuua bure."

Inspekta aliinuka, akairudisha ndoo mahali pake. Mke alikuwa ameshaingia ndani, na kilio chake kilisikika mpaka barabarani walipokuwa wakimpandisha mzee kwenye gari la polisi.