Niliyoyaona Karibu na Jua

Kila asubuhi kabla ya shule, kazi yangu ilikuwa kuteka maji, na ya kaka yangu Isdori ilikuwa kufagia uwanja. Mimi nilimaliza yangu. Yeye alifagia mbele ya mlango tu, pale anapopita baba, kisha akavaa sweta lake na kuondoka. Nikilalamika, mama aliniambia nipunguze mdomo, eti Isdori ni mkubwa na atajirekebisha mwenyewe. Basi nilikwenda shule nimevimba. Mimi Hellena ni mwepesi wa hasira na sifichi.

Mwaka ule malori ya watu binafsi yalikuwa yameanza kufika kwetu Msanzi kununua mahindi. Duka la Theodory, ambalo zamani lilikuwa na chumvi na viberiti tu, lilijaa sabuni, vitenge na redio. Mwalimu Clemens, aliyetufundisha sayansi, alinunua redio moja. Siku moja aliingia darasa la sita akatuambia amesikia habari za chombo kilichorushwa angani ili kulichunguza jua. Akatuuliza, kama chombo kingekaribia jua kabisa, kikalipa mgongo na kutazama huku kwetu, kingeiona dunia na sayari nyingine zikoje? Akasema wiki ijayo tutafunga madirisha, ataleta taa yake, nasi tutaona wenyewe.

Mimi na Shija hatukuweza kungoja. Shija nilikaa naye dawati moja. Familia yao ilitoka Usukumani na ng'ombe wao, wakajenga kule bondeni, na hapo kijijini watu wengine waliwaita wageni hata walipokuwa wamekwisha kuvuna mara mbili. Kila kilichopotea, macho yaligeukia bondeni. Jambo hilo lilinikera tangu mwanzo.

Mahindi yalikuwa bado shambani, kwa hiyo kihenge chetu kikubwa kilikuwa kitupu. Kuta zake zilikandikwa udongo, ndani giza tupu. Tulibandika sayari ukutani kwa matope: punje za mahindi, maharage, na punje moja ya ulezi kwa ile ya mbali kabisa. Niliingia mimi, nikaweka koroboi juu ya debe, usawa wa sikio langu, na kipande cha bati kati ya mwali na macho ili usinipofushe. Koroboi ndiyo jua, mimi ndiye chombo. Shija alisimama nje, mlangoni mwa kihenge, akawa ananiuliza.

Nilishangaa sana. Kila sayari ilikuwa imeng'aa uso mzima, hakuna hata moja iliyokuwa nusu giza. Shija akaniuliza kama nauona usiku wa dunia. Nikamwambia usiku siuoni, uko nyuma yake, mimi naona mchana peke yake. Akachungulia ili ahakikishe, na uso wake ukang'aa vilevile, nikaona hadi kovu dogo la kidevuni.

Ndipo Isdori akatokea, akataka zamu. Nikamwambia angoje. Isdori na kungoja ni vitu viwili tofauti. Alimsukuma Shija kando, akachungulia, kisha akaingiza fimbo, akacheka, akaanza kuzidonoa sayari zetu. Fimbo ikaipiga koroboi. Mafuta yakamwagika kwenye maganda makavu ya mahindi yaliyobaki sakafuni, moto ukapanda hadi kwenye nyasi za paa.

Isdori alikimbia. Shija hakukimbia. Aliingiza mikono ndani ya moshi, akanishika, akanivuta mpaka nikaanguka nje. Mkono wake wa kulia uliungua kuanzia kiganja mpaka karibu na kiwiko.

Watu walipofika na ndoo, Isdori alikuwa mbele yao akinyoosha kidole. Alisema Shija ndiye aliyeangusha koroboi, na kama hawaamini wautazame mkono wake. Na watu wazima, watu wenye akili zao, wakautazama ule mkono ulioniokoa, wakatikisa vichwa, wakasema ushahidi ndio huo. Nilikuwa nakohoa moshi, lakini nilipiga kelele kwamba ni Isdori. Baba yangu mdogo, Zenon, akasema mtoto amechanganyikiwa.

Usoni mama alinipaka mafuta, sikioni aliniambia neno baya kuliko moto. Aliniambia Isdori ni damu yangu, na Shija ni mtu wa kupita. Nikauondoa mkono wake.

Kesho yake kikao kilikaa uwanjani kwetu. Alikuwapo mwenyekiti wa kitongoji, baba, baba mdogo Zenon, na mwalimu Clemens. Baba yake Shija alikuja na mwanawe, mkono umefungwa kitambaa. Baba mdogo alitaka watoe mtamba, kisha wahamishe ng'ombe wao wote kabla ya mavuno. Baba yake Shija alijibu polepole kwamba mwanawe amesema hakugusa, na yeye anamwamini. Wakamcheka. Wangehama, Shija angeacha shule.

Mwalimu Clemens alitukaripia kwanza sisi wawili kwa kuingiza moto mahali penye maganda na nyasi bila mtu mzima. Kwa hilo alikuwa na haki kabisa. Lakini alipomaliza aliomba nisikilizwe.

Nikasimama. Nikasema nilichokiona, tangu fimbo hadi moto. Mwenyekiti akanikatiza. Akasema mtu aliyekaa na taa usoni haoni kitu, macho yanajaa mwali, kila mtu anajua.

"Taa haikuwa usoni, mwenyekiti, nilikuwa nimeikinga," nikamjibu. "Aliye mlangoni, mwali ukimpiga machoni, ndiye asiyemwona wa ndani. Mimi wa karibu na mwanga nilimwona kila mtu, uso mzima. Kama hamniamini, aingie mtu ajaribu."

Baba mdogo akaniambia nina adabu mbovu. Huenda. Machozi ya hasira yalikuwa yananitoka, nikayaacha yatoke.

Baba yangu aliinuka. Akaagiza koroboi nyingine, akaingia jikoni kwetu ambamo hamna dirisha. Mwalimu alimpangia kama nilivyopanga mimi, koroboi kando ya sikio, bati katikati. Nikakaa nyuma ya baba. Mlango ukarudishwa, ikabaki nafasi ya kichwa tu. Baba akamwita Isdori achungulie.

Uso wa kaka yangu ukatokea mlangoni, umemulikwa wote. Waliokuwa nje waliona mgongo wake. Baba aliona midomo yake ikicheza, na jasho juu ya pua, na macho yakitafuta pa kukimbilia yasipate.

"Umesema kweli, Hellena," baba akasema bila kugeuka. "Hapa naona kila kitu." Kisha akamwita kwa sauti ya chini. "Isdori. Nitazame mimi. Nani aliingiza fimbo?"

Isdori hakumwona baba vizuri. Lakini alijua kwamba baba anamwona. Uso wake ukakunjamana.

"Ni mimi, baba."

Baba alitoka nje akiwa amekasirika kuliko nilivyowahi kumwona. Alimwendea baba yake Shija, akainama mbele ya watu wote, akaomba radhi kwa ajili ya mwanawe, na kwa ajili yake mwenyewe. Kisha akawageukia wengine.

"Kihenge tutajenga kingine," akasema. "Lakini jana tulipofika hapa hakuna aliyeuliza nini kimetokea. Tuliuliza nani ametoka wapi, tukaridhika. Mtoto ameungua akimtoa binti yangu motoni, nasi tukataka kumtoza ng'ombe. Tangu leo, katika nyumba hii, tutauliza kwanza. Na anayejua ukweli atausema, hata kama ni juu ya ndugu yake."

Mama aliinamisha kichwa. Mwenyekiti akafunga kikao haraka haraka. Isdori alimnyooshea Shija mkono, Shija akakataa kuupokea. Mwalimu akasema tusimlazimishe, anayo haki ya kukasirika. Nilimpenda mwalimu kwa neno lile.

Baba akaamua kwamba mpaka mkono wa Shija upone, Shija ataenda shule asubuhi, na jioni Isdori atawachunga ng'ombe wao badala yake. Ng'ombe wale walizoea kuitwa Kisukuma. Isdori aliwaita kwa Kifipa chetu, wakamtawanyikia bonde zima, na watoto wa kijiji wakajaa mlimani kumtazama. Siku ya tatu alirudi nyumbani analia, akasema haendi tena, kila mtu anamcheka.

Baba alikuwa anachonga miti ya kihenge kipya. Hakuweka panga chini.

"Wewe unachekwa kwa kosa lako mwenyewe," akamwambia. "Mwenzako alikuwa anafukuzwa kwa kosa lako. Rudi bondeni, ng'ombe wa watu wako peke yao."

Isdori akafuta uso, akarudi.