Tundu la Nyuma ya Kitanda

"Nililiziba mimi," alisema Dama.

"Nani alikuona?" aliuliza kaka yake, Karisa.

"Hakuna."

"Basi hukuliziba."

Dama alivuta mdomo. Lakini kweli aliliziba.

Wiki iliyopita, watu walikuja kukandika nyumba mpya ya Nyanya.

Chota tope. Finyanga. Bandika!

Wakubwa walikandika juu. Karisa alikandika mbele, karibu na mlango.

Chini kabisa, pembeni, palibaki tundu dogo. Mkono wa mtu mkubwa haungeingia. Wa Dama uliingia.

Chota tope. Finyanga. Bandika!

Jua likawaka. Kuta zikakauka.

Leo Nyanya alihamia. Kitanda chake kiliwekwa pembeni, palepale penye tundu la Dama.

Majirani wakaja kutazama.

"Ukuta wa mbele umenyooka. Kazi ya nani?"

"Yangu," alisema Karisa. Wakampigia makofi.

Dama alisubiri. Hakuna aliyechungulia nyuma ya kitanda.

"Nitakivuta," alinong'ona. "Nao waone."

Akashika mguu wa kitanda.

Mara, mvua. Vuu, vuu! Majirani wakakimbilia kwao.

Nyanya akajilaza. "Kule nyumba ya zamani, upepo ulinipiga mgongoni," alisema. "Mvua ikinyesha, nilikuwa silali."

Vuu, vuu. Upepo ukazunguka nyumba. Ulitafuta pa kupita.

Juu? Hapana.

Mbele? Hapana.

Chini, pembeni?

Dama akapenyeza mkono nyuma ya kitanda. Akapapasa ukuta.

Pakavu. Hata upepo kidogo haukupita.

Vuu, vuu, ulilia upepo huko nje.

Khoo, fyuu, alikoroma Nyanya ndani. Khoo, fyuu.

Dama akauachia mguu wa kitanda. Akacheka peke yake, kimya kimya.

"Hukivuti tena?" aliuliza Karisa.

"Sikivuti."

"Watu hawatajua."

"Upepo unajua," alisema Dama.

Karisa akapenyeza mkono wake, naye akapapasa.

Ko, ko, ko.

"Hodi," ilisema sauti nje.

Dama akafungua mlango. Alikuwa Mama Sidi, jirani, amelowa chapachapa. Aliinua macho, akatazama kuta.

"Nyumba imetulia hii," alisema. "Nani aliikandika?"

Karisa alimtazama dada yake.

"Sisi," alisema Dama. "Karibu, Mama Sidi. Ingia polepole, Nyanya amelala."