Dakika Saba za Odile

Mwani ulikuwa umelala upande usio wake.

Aubin Lehodey alisimama katikati ya mkondo, maji yakimfika magotini, akautazama tena. Nyuzi zake ndefu za kahawia, zilizoshikamana na mawe, zilipaswa kuelekea bahari kuu, zikivutwa na maji yanayopwa. Badala yake zilielekea kisiwani, zikitikisika taratibu kama nywele zinazochanwa. Maji yalikuwa yanaingia. Alitazama saa yake: nane na robo mchana. Kwa hesabu yake, bahari ilikuwa na dakika ishirini na tano zaidi za kupwa.

"Kijana, mbona umeganda? Umeona papa?"

Aliyeuliza alikuwa Fulbert Vauzelle, seremala mstaafu wa miaka sabini na miwili. Nyuma yake alikuja dada yake, Odile, aliyetumia maisha yake yote kuchora maua kwenye sahani za kauri huko kwao Limoges. Walikuwa wamevuka hadi visiwa vya Chausey kwa siku tatu, kwa sababu Odile alitaka kuiona miamba ya Watawa, ile inayosimama kwa safu mbali mchangani kama watu waliovaa kofia, na ambayo hufikiwa kwa miguu siku za bamvua tu, maji yanapopwa kupita kawaida.

"Tuondoke," Aubin alisema. "Haraka. Maji yamegeuka."

"Nilijua!" Fulbert akamgeukia dada yake. "Wewe na penseli zako! Jiwe ni jiwe, Odile. Ungelichora nyumbani, ningekutolea moja bustanini."

"Nimekaa dakika saba tu, kaka."

"Nusu saa!"

"Saba."

Zilikuwa saba. Aubin alikuwa amezihesabu mwenyewe, maana kuhesabu dakika ndiyo kazi ya mwongozaji wa wageni. Na hapo hapo, kabla hajapiga hatua, akaelewa kilichotokea.

Kijitabu cha saa za maji ambacho watu wa kisiwani walikitumia tangu zamani kilichapishwa kwa saa za majira ya baridi. Kila kiangazi, saa zote nchini zinapopelekwa mbele, waliongeza saa moja kichwani, bila kufikiri, kama mtu anavyoinama kwenye mlango mfupi wa nyumba yake. Mwaka huu Aubin alinunua kijitabu kipya, chenye picha za rangi. Chini ya kila ukurasa kulikuwa na mstari wa maandishi madogo uliosema kwamba saa hizi zimekwisha rekebishwa kwa kiangazi. Leo asubuhi, siku yake ya kwanza kukitumia, aliusoma upesi ukurasa, akaongeza saa moja kama baba yake, kama babu yake, kisha akaenda gatini na kuiandika saa aliyoipata kwa chaki kwenye ubao ambao kila mgeni huusoma kabla ya kutoka.

Bahari ilikuwa imegeuka tangu saa saba na dakika arobaini.

"Nisamehe, mwanangu," Odile alimwambia. "Nimewachelewesha."

Ilikuwa nafasi ya kusema. Aubin alifungua mdomo.

"Tukate kulia," alisema. "Fuateni nyayo zangu."

*

Mkondo wa pili uliwafika kiunoni. Wa tatu, ambao asubuhi ulikuwa kidimbwi cha uduvi, ulikuwa umekuwa mto wenye sauti. Aubin alifunga kamba yake kiunoni mwa kila mmoja, wakaingia kwa safu. Katikati, mguu wa Fulbert uliteleza juu ya mwani, akazama. Aubin alimfuata chini ya maji, akamshika ukosi, akamkokota hadi kwenye mwamba uliojaa chaza. Walipotoka, suruali ya mzee ilikuwa imepasuka kutoka goti hadi kifundo, na damu ilichuruzika kwenye mawe meupe.

"Simu yako," Odile alihema.

Aubin aliitoa mfukoni. Maji yalimwagika kutoka ndani yake.

"Na zenu?" aliuliza.

"Nimeziacha mezani hotelini. Nilitaka siku moja bila makelele."

"Hongera," Fulbert alisema kwa meno yaliyokazwa. "Umepata kimya."

Odile alivua skafu yake, akafunga jeraha kwa mikono iliyozoea kazi ndogo ndogo, akakaza fundo. "Inauma?"

"Nina miaka sabini na miwili. Kila kitu kinauma."

Kisha ukungu ukaja. Ulitoka baharini, mweupe na mzito, ukameza Watawa mmoja baada ya mwingine, ukameza mnara wa taa wa kisiwani. Kilichobaki kilikuwa mwamba mmoja, na juu yake nguzo nene ya mawe ya kuonyesha vyombo njia, yenye vipago vya chuma vya kupandia ubavuni. Aubin alijua kwamba maji makuu huufunika mwamba lakini hayafiki juu ya nguzo. Alijua pia kwamba juu yake pana nafasi ya watu wawili waliobanana.

"Mzee kwanza," alisema. "Halafu wewe, mama. Mimi nitabaki kwenye vipago."

"Hapana," Odile alisema. "Mguu wake utakufa ganzi, atahitaji mtu mwenye nguvu wa kumshikilia huko juu. Mtu huyo ni wewe. Mimi nitakaa chini yenu."

"Mama, maji yatakufikia."

"Niliogelea ziwani kila kiangazi. Panda."

Hakukuwa na muda wa kubishana. Walipanda.

*

Saa tisa ikapita. Maji yalifunika mwamba, yakaanza kuhesabu vipago. Fulbert alitetemeka hadi meno yakagongana, mgongo wake ukiwa kifuani mwa Aubin. Aubin alimkumbatia kwa mkono mmoja, na mkono mwingine ameupitisha kwenye pete ya chuma iliyokuwa kileleni mwa nguzo. Chini yao Odile alining'inia, kamba iliyowaunganisha wote ikiwa bado kiunoni mwake, kila wimbi likimpiga mapajani, kisha kiunoni.

"Jaribu kupanda kimoja zaidi!" Aubin aliita.

"Nikipanda nitamkanyaga kaka mguu."

"Nikanyage," Fulbert alisema. "Umenikanyaga miaka sitini."

Odile alicheka kidogo. Kicheko hicho kilimchoma Aubin kuliko baridi. Kila mara alipojiambia kwamba atasema, alijipatia sababu: kwanza tufike salama, kwanza mzee apate joto, wakijua, hawataniamini tena, na bila kuniamini watakufa. Sababu zote zilikuwa nzuri, na hakuna hata moja iliyokuwa ya kweli. Aliona aibu. Basi.

Wimbi kubwa lilimfunika Odile hadi mabegani. Alipoibuka, midomo yake ilikuwa ya buluu na sauti yake imetulia mno.

"Aubin, kamba hii inawavuta ninyi pia."

"Haituvuti."

"Nikiteleza, nitawaangusha wote." Vidole vyake vilikuwa kwenye fundo. "Na ni haki. Nyote mko hapa kwa ajili ya picha yangu. Kaka ana wajukuu wanne. Wewe una miaka ishirini na sita. Mimi nilitaka dakika saba, nimezipata."

"Odile, acha upuuzi!" Fulbert alipiga kelele, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na mzaha.

Fundo lilianza kulegea.

"Si wewe!" Aubin alisema. Akarudia kwa nguvu. "Si wewe, mama! Ni mimi! Nilikosea saa. Kijitabu kilikuwa kimekwisha ongeza saa moja, mimi nikaongeza nyingine. Ungekaa pale au usingekaa, maji yangetukuta tu. Nimejua tangu tulipoona mwani."

Vidole vya Odile vilisimama kwenye fundo.

"Tangu pale?" Odile aliuliza.

"Tangu pale."

"Ulinisikia nikiomba msamaha."

"Nilikusikia."

Fulbert alijaribu kugeuka, na kama angekuwa na nafasi ya kuinua mkono angempiga. "Umeniacha nimtukane dada yangu saa nzima! Ulinyamaza ukanisikiliza!"

"Ndiyo, mzee."

Odile alitazama juu. Maji yalimtiririka usoni. Kisha Aubin akaona kitu ambacho hakukitarajia: hasira ilipanda machoni mwake, na pamoja nayo rangi ikamrudia shavuni.

"Mjinga wewe," alisema. "Nilikuwa karibu nife kwa kosa la mtu mwingine. Nipe mkono!"

Aubin alijinyoosha, akamshika kifundo cha mkono. Fulbert naye alimshika dada yake kwenye ukosi wa koti. Odile alimkanyaga kaka yake kwenye mguu mbovu, kaka akapiga ukelele na kutukana, na wote watatu wakawa juu, wamelaliana kama magunia, nusu ya miili yao ikiwa hewani.

Hapo ndipo waliposikia pembe. Mlio mmoja mrefu ndani ya ukungu, kisha kimya.

Walipiga kelele, lakini ukungu ulizila. Odile aliingiza mkono kifuani mwa koti, akatoa kibati chake cha penseli, akaanza kukigonga kwenye pete ya chuma. Kililia kwa sauti kali kama kengele ya shule. Aligonga hadi kibati kikapinda, na penseli zikamwagika baharini moja moja.

Mashua ya mbao yenye kitako bapa ikatokea weupeni. Nyuma yake, mkono kwenye usukani na pembe shingoni, alikuwa shangazi yake Aubin, Gaud, mvuvi wa kamba-koche kwa miaka arobaini.

"Mko wangapi?"

"Watatu!"

"Basi mmetimia. Mwenye damu aje kwanza."

Alipokwisha kuwafunika mablanketi, ndipo alipomtazama mpwa wake.

"Nilishuka gatini, nikatazama ngazi, maji yanapanda. Nikatazama ubao wako, umeandika yanapwa. Mmoja wenu alikuwa anadanganya, na ngazi hazijui kuandika."

"Kuna wengine waliotoka?"

"Mume na mke na binti zao wawili, upande wa kaskazini. Nimewarudisha, maji yakiwa magotini mwa mdogo."

Aubin aliinamisha uso kwenye blanketi.

*

Siku ya tatu, ndugu wawili walirudi kutoka hospitali ya bara kuchukua mizigo yao. Mguu wa Fulbert ulikuwa na nyuzi kumi na moja. Walimkuta Aubin gatini mbele ya ubao. Alikuwa hajaandika saa zozote bado, ila sentensi moja chini kabisa, aliyoiandika upya kila asubuhi: *Juzi niliandika saa isiyo sahihi hapa, na watu saba wakawa hatarini. Kosa ni langu. A. Lehodey.*

Fulbert aliisoma akiegemea fimbo. Alisoma polepole, mara mbili.

"Bado nimekukasirikia," alisema.

"Najua, mzee."

"Na wewe," alimwambia dada yake, bila kumtazama, "zilikuwa dakika saba."

"Saba," Odile alisema. Alimshika mkono. Kisha akamgeukia Aubin. "Picha yangu haijaisha. Bamvua nyingine ni lini?"

Aubin alikitoa kijitabu mfukoni. Alikishika kidogo, halafu akamnyooshea Fulbert.

"Nisomee wewe, mzee. Mimi nitaandika."

Mzee alivaa miwani. Alianza na maandishi madogo ya chini.