Mafuta ya Kitanda cha Nne

Chupa ilikuwa tupu, na mrija bado umebanwa. Bilkisi, muuguzi wa wodi ya mahututi katika hospitali moja ya Kolwezi, aliinama kutazama sakafu. Kavu. Kitanda cha nne hakikuwa na mtu, lakini godoro lilikuwa limebonyea katikati, nalo lilinuka nazi.

Ulikuwa mwaka 1993, watu wa jimbo la Kasai wakifukuzwa Katanga na kurundikwa kwenye gare kungoja treni. Daktari mkuu, Kazadi, alifukuzwa nao. Alikuwa akilinganisha mafuta ya aina mbili, meupe kama maziwa, wanayotiwa mshipani wagonjwa waliopasuliwa tumbo wasioweza kula: ya soya peke yake, na ya soya iliyochanganywa na nazi. Alitaka kujua yapi yanamrudishia mtu mwili upesi. Msaidizi wake, Kalumba, hakungoja kiti kipoe. Alifuta jina la Kazadi kwenye daftari akaandika lake, yeye ambaye hajawahi kumaliza kitu chochote peke yake.

Mianda, mwanamke aliyelazwa kitanda cha nne, alikuwa Mkasai pia. Waliowafukuza Wakasai walimchomoa mrija wakambeba hadi gare, na huko akafa siku ya pili. Lakini bila yeye kundi la nazi lilipungua, na Kalumba alitaka kazi yake isomwe Ubelgiji. Basi akaendelea kumwandika: homa imeshuka, kilo moja imeongezeka. Ili stoo isiulize, aliamuru chupa itundikwe kila siku juu ya kitanda kitupu.

Na kila alipoandika kilo, godoro lilizama zaidi. Adhuhuri ya siku ya sita, jua likiwaka dirishani, Bilkisi alisikia pumzi nzito kitandani, akasikia kitu kikimeza polepole, akaona yale mafuta yakishuka ndani ya mrija uliobanwa, na shuka likiinuka na kushuka juu ya tumbo lisiloonekana, huku kitanda cha pili fundi wa mgodi, Mukalay, aliye hai, akizidi kukauka kwa sababu soya ilikuwa imekwisha.

"Tata Docteur," Bilkisi alimnong'oneza Kalumba, "tumupe Mukalay ile chupa. Pa kile kitanda kuko kitu."

"Mukalay iko ku groupe ya soya. Akipata nazi, étude ya kulinganisha mafuta inaharibika."

"Atakufa."

"Basi tutaandika soya ni mubaya."

Bilkisi alimwita Alfani, baba yake mdogo, dereva wa lori aliyejua pia kutoa majini. Alikuja na ubani, akasoma dua kwa sauti ya chini. Sauti ya mwanamke ikajibu kutoka shukani: "Mi sikukufa. Docteur anaandika niko muzima."

Kalumba alikuwa mlangoni, daftari mkononi. Suruali yake ilikuwa imelowa.

"Jini inaingia mu jina ya mufu kama mutu anaiita kila siku," Alfani akamwambia. "Andika ukweli."

"Mi nilisoma médecine," Kalumba alisema.

"Ile jini uliiita, ikaitika. Iko na adabu kukupita weye."

Bilkisi alichukua kalamu mfukoni mwa Kalumba akaandika mwenyewe daftarini: *Mianda alikufa ku gare.* Pumzi zikakoma. Godoro likainuka. Akamtundikia Mukalay chupa iliyofuata, na baada ya majuma matatu mtu yule alitoka kwa miguu yake.

Lakini kesho yake tu baada ya dua ile, woga ulipomtoka, Kalumba alichana ukurasa ule. Hakuthubutu kumrudisha Mianda kitandani, kwa hiyo aliandika: *Amepona. Ameruhusiwa kurudi nyumbani kwake.* Akajiona ana akili sana.

Mchana alirudi nyumbani, mtaa wa Manika, kula. Alimkuta mkewe, Elise, amesimama uani na watoto, mwiko bado mkononi, hataki kuingia ndani. Nyumba ile walihamia juma lile lile mwenye nyumba, Mianda, alipobebwa kwenda gare.

"Kuko mama moja amelala mu chambre yetu ya kulala," Elise alisema polepole. "Anasema weye ndiye ulimuruhusu arudie kwake."